Trei za miche na tofali la kokopiti: tathmini kwa mwenye bustani ya nyuma ya nyumba

Januari ikielekea ukingoni, maduka ya pembejeo ya Arusha, Moshi, Nakuru na kwingineko hupanga mlangoni trei nyeusi za plastiki na matofali ya kahawia ya kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi lililoshindiliwa. Wanunuzi siku hizi si wakulima wa ekari peke yao. Wapo wenye kipande cha mita nne kwa kumi nyuma ya jiko, wanaotaka kabichi na sukuma wiki ziwe zimeshika ardhi masika yakichanganya katikati ya Machi. Tathmini hii ni ya hao wa nyuma ya jiko, kwa sababu ushauri mwingi wa dukani umekatwa kwa kipimo cha mwenye kitalu cha biashara, na kipimo hicho hakiwafai.

Hukumu yetu mapema: trei nunua, na nunua nene yenye matundu makubwa. Kokopiti nunua, lakini tofali dogo, na lioshe hata kama pakiti imeandikwa kwamba limeoshwa. Tofali kubwa la kilo 5 waachie wenye vitalu.

Trei

Trei nyingi sokoni zina urefu wa sentimita 54 hivi na upana wa 28, ziwe na matundu mangapi. Kinachobadilika ni ukubwa wa tundu. Trei ya matundu 200 hubeba kama mililita 11 kwa kila tundu, ya 128 kama 22, ya 72 kama 40, ya 50 kama 70. Muuzaji atakusifia ile ya 200 kwa hoja kwamba miche ni mingi kwa bei ileile. Ni kweli, kwa mtu mwenye mfanyakazi anayemwagilia mara tatu kwa siku. Mililita 11 za kokopiti kwenye jua la saa saba mchana wa Februari hukauka kabla mwenye bustani hajarudi kutoka kazini, na mche wa nyanya wa siku kumi ukinyauka kabisa mara moja hudumaa hata ukiufufua.

Fanya hesabu ya unachohitaji. Bustani ya mita za mraba 40 inapokea vizuri nyanya 20, sukuma wiki 24, kabichi 16, pilipili hoho 8 na bilinganya 4, na njia za kupita zinabaki. Jumla ni miche 72. Kwa hiyo trei moja ya matundu 72 inatosha kwa idadi, na ya pili ni akiba ya mbegu zisizoota na miche utakayoitupa kwa udhaifu. Trei mbili, basi. Anayekuuzia kumi hajakuuliza bustani yako ina ukubwa gani.

Ipo kasoro moja ya kuchanganya mazao kwenye trei moja. Hoho inahitaji wiki sita hadi nane kabla ya kuhamishwa, nyanya na kabichi wiki nne tu. Mazao ya haraka yakiota hufunika yale ya polepole. Suluhisho ni mkasi mkubwa au msumeno wa chuma: kata trei ya pili vipande, hoho na bilinganya zikae kwenye chao, kisogezwe kivyake. Trei nene hukatika safi. Nyembamba hupasuka kwenye kona za matundu.

Na unene ndio jambo la kukagua kabla ya rangi, kabla ya bei. Shika trei tupu kwa kona moja, iweke bapa hewani. Ikilegea kama chapati, irudishe. Trei ya matundu 72 iliyojaa na kulowa ina uzito wa kilo tatu hivi. Ukiinyanyua kwa ncha mbili, trei nyembamba hujipinda katikati, madonge ya matundu ya kati hubanwa juu na kufunguka chini, na vijizizi vidogo kama nywele hukatika bila wewe kuona. Kesho yake miche ya katikati imenuna na ya pembeni iko sawa, na mwenye bustani anaanza kutafuta dawa ya ugonjwa usiokuwapo. Kama umeshanunua nyembamba, iweke juu ya ubao na unyanyue ubao, usiinyanyue trei.

Kagua pia tundu la chini la kutolea maji. Liwe na upana wa kupitisha kalamu ya risasi, kwa sababu hapo ndipo utakaposukumia mche siku ya kuuhamisha. Rangi nyeusi haina neno kwenye baridi ya Njombe au Limuru, huko joto lake ni msaada. Tanga na Mombasa, trei nyeusi isiyo na kivuli huchemsha mizizi ya pembeni.

Wanaouliza kama trei ya mayai inafaa: kwa wiki mbili, ndiyo. Baada ya hapo karatasi inafyonza maji yaliyokusudiwa mche, inaota ukungu, na kina chake ni kidogo mno kwa mzizi wa nyanya. Kikombe cha mtindi chenye matobo matatu chini kinaishinda mbali, na ni bure. Ila uvipange vikombe 72 kwenye karai, ndipo utakapoelewa trei inauzwa kwa ajili gani.

Kokopiti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu wa pwani wanajua makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni, bahari ikiyapandia na kuyashukia kwa miezi, kisha yakapondwa ili kupata usumba wa kusokotea kamba. Vumbi linalobaki usumba ukishatolewa ndilo kokopiti. Hata viwandani India na Sri Lanka, yanakotoka matofali mengi, makumbi huweza kulowekwa kwenye maji yenye chumvi, na nazi yenyewe hukua kwenye udongo wa pwani. Ndiyo maana kokopiti huja na sodiamu na potasiamu nyingi.

Ubora wake hauna ubishi. Inashika maji mengi bila kuziba hewa, haina mbegu za magugu, haina minyoo fundo, haina bakteria wa mnyauko ambao udongo wa bustani uliolimwa nyanya mara tatu mfululizo karibu lazima uwe nao. Tindikali yake, kati ya pH 5.5 na 6.5, ndiyo mboga nyingi inayoipenda. Tofauti na piti ya vinamasi iliyoagizwa kutoka Ulaya, ambayo ikikauka hukataa maji, kokopiti ikikauka hunywa tena bila ubishi.

Tatizo ni ukubwa wa tofali. Tofali la kilo 5 likishalowekwa hutoa lita 65 hadi 70. Trei ya matundu 72 humeza lita tatu. Maana yake tofali moja linajaza trei zaidi ya 20, na wewe una mbili. Linalobaki litakaa gunia zima nyuma ya nyumba likiota mwani. Tafuta tofali la gramu 650, linalotoa lita 8 au 9. Linajaza trei zako mbili na kubakiza kidogo cha kuongezea matundu yaliyobonyea.

Kuliandaa ni kazi ya siku mbili, na wauzaji hawasemi hivyo. Weka tofali kwenye ndoo ya lita 20, mimina lita nne hadi tano za maji ya uvuguvugu, subiri nusu saa, livunje kwa mkono mpaka pasibaki donge. Jaza maji, vuruga, chuja kwenye gunia au kitambaa. Rudia. Maji ya kwanza yatatoka kama chai ya rangi. Usihukumu kwa rangi hiyo, kwa kuwa ni rangi ya kumbi tu. Chumvi haina rangi, na maji meupe kabisa yanaweza kuwa bado yamejaa chumvi.

Kuosha kwa maji matupu huondoa chumvi iliyolegea peke yake. Nyingine imeshikamana na chembe za kokopiti, na ikikutana na mbolea hubadilishana nafasi: kokopiti inaing'ang'ania kalsiamu na magnesiamu ya mbolea, inaachia sodiamu, na mche unakunywa sodiamu. Dawa yake ni kalsiamu naitreti, ile nyeupe inayoyeyuka yote kwenye maji. CAN ya kukuzia mahindi haifai hapa, ina amonia ya kuunguza mizizi michanga. Kipimo ni gramu 100 kwa tofali la kilo 5, yaani gramu 13 kwa tofali la gramu 650, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chai visivyojaa. Yeyusha kwenye maji ya kufunika kokopiti, iache usiku kucha, asubuhi chuja na suuza mara moja.

Mwenye kipima EC, kifaa cha kupimia chumvi kwenye maji, apime maji yanayochujika: chini ya 0.5 mS/cm ni salama, juu ya 1 rudia kuosha. Asiye nacho asie mbegu kumi za sukuma wiki kwenye kikopo, zinaota ndani ya siku tatu hadi tano. Ncha za majani ya kwanza zikiungua na kuwa kahawia wakati unyevu upo, jibu unalo, na umepoteza mbegu kumi badala ya trei mbili. Tofali likiloweshwa likatoa harufu ya uchachu, usihangaike nalo.

Jambo jingine lisiloandikwa kwenye pakiti: kokopiti haina chakula cha maana. Mbegu huota kwa akiba yake yenyewe, miche inapendeza wiki ya kwanza, kisha majani ya chini yanageuka njano na ukuaji unasimama. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya tangu mwanzo sehemu mbili za kokopiti na sehemu moja ya mboji iliyoiva, iliyochekechwa kwenye chekeche ya milimita 5. Ya pili ni mbolea ya maji, NPK 19-19-19, gramu moja kwa lita, mara mbili kwa wiki kuanzia jani la kwanza la kweli. Kijiko bapa cha chai kina gramu tano hivi, kwa hiyo kijiko kimoja kwa lita tano za maji. Mchanganyiko wa mboji ndio tunaoupendelea nyumbani, kwa sababu unasamehe mtu aliyesahau. Samadi ambayo bado inatoa joto ukiingiza mkono isikaribie trei.

Udongo mweusi wa msituni, mbadala wa asili wa vitalu vyetu, bado unafanya kazi kwa uwiano wa tatu za udongo, mbili za samadi iliyoiva na moja ya mchanga. Lakini lazima uupike: kwenye pipa lenye maji chini na wavu juu yake, mvuke ufikishe joto nyuzi 80 katikati ya udongo kwa nusu saa. Ukiongeza gharama ya kuni, ule urahisi wake unapungua sana. Na kwenye tundu dogo udongo hujikaza, mche hautoki na donge lake.

Kusia

Kokopiti iliyo tayari, ukiifumbata ngumi na kukamua, itoe matone mawili matatu kati ya vidole. Ikichuruzika imezidi. Jaza matundu bila kushindilia, dondosha trei mezani mara mbili kutoka urefu wa vidole vitatu, kisha jaza tena. Bonyeza kishimo cha sentimita moja kwa nyanya na kabichi, mbegu moja kwa tundu ikiwa ni chotara ya bei mbaya, mbili ikiwa ni nyanya ya Tengeru 97, Rio Grande au nyingine isiyo chotara. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu kama 300, hivyo pakiti ndogo kuliko zote dukani inakutosha misimu miwili ukiihifadhi kavu na baridi. Usiinunue ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa. Tanzania pakiti iwe na lebo ya TOSCI, Kenya ya KEPHIS, taasisi zinazothibitisha ubora wa mbegu.

Panga trei moja juu ya nyingine, funika kwa nailoni, weka mahali penye joto la nyuzi 25 hivi. Kabichi na sukuma zikague kuanzia siku ya tatu, nyanya siku ya tano, hoho siku ya nane au zaidi. Mara shina la kwanza linapoonekana limejikunja kama kitanzi, toa trei kwenye mwanga siku hiyohiyo. Ukichelewa hadi kesho yake utapata miche mirefu myembamba kama uzi, na huo urefu haurudi.

Sasa kosa linaloua sifa ya trei nzuri: kuilaza chini. Trei inatakiwa ielee hewani, juu ya fito au waya, mita 0.6 hadi 0.8 kutoka ardhini. Mzizi ukifika kwenye tundu la chini na kukuta hewa, ncha yake hukauka na mzizi unatoa matawi ndani ya donge. Ukikuta ardhi, unaendelea kushuka, na siku ya kuhamisha unaukata wote. Aliyeilaza chini amelipia trei akapata matokeo ya kitalu cha ardhini. Juu huko konokono pia wanapata taabu, na kuku.

Chandarua cha kulalia kilichochakaa kinazuia kuku, panzi na nondo wa kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya. Inzi weupe, wanaobeba virusi vya kukunja na kugeuza njano majani ya nyanya, wanapita kwenye vijitundu vyake bila kuinamisha kichwa. Kwao kunahitajika neti ya wadudu yenye matundu madogo zaidi, na kwa bustani ya nyumbani kipande cha mita mbili kinatosha kufunika kichanja.

Mwagilia asubuhi kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa kwa pini, mpaka maji yadondoke chini. Kokopiti hudanganya macho: juu inapauka na kuonekana kavu wakati ndani imelowa tepetepe. Usimwagilie kwa kuangalia. Ingiza kiganja chini ya trei na uipime uzito. Baada ya siku tatu mkono unajua. Matundu ya ukingoni hukauka kwanza, kwa hiyo geuza trei kila baada ya siku mbili.

Mche ukianguka usiku mmoja, shina limenyong'onyea pale linapogusana na kokopiti kana kwamba limebanwa kwa koleo, hicho ni kinyausi. Huletwa na vimelea vya Pythium, Rhizoctonia na jamaa zao, na mlango wao ni maji mengi, miche kubanana na hewa kutotembea. Ng'oa ulioanguka pamoja na jirani zake, acha maji siku nzima, sogeza trei penye upepo. Dawa yenye metalaksili na mankozebu kwa kipimo cha lebo huzuia kuenea, haifufui kilicholala.

Kuhamisha

Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, punguza kivuli na maji hatua kwa hatua. Nyanya iko tayari ikiwa na majani manne hadi matano ya kweli na shina nene kama kalamu. Yenye maua kwenye trei imechelewa. Hata ukiikuta kitaluni inauzwa kwa bei ya kutupa, iache.

Mwagilia saa mbili kabla, sukuma donge kutoka chini kwa kidole, shika jani, usishike shina. Mizizi iwe myeupe na imefumbata donge lote. Panda jioni, na hakikisha sehemu ya juu ya donge imefunikwa na sentimita moja ya udongo. Kokopiti ikibaki wazi juu hugeuka utambi: inavuta maji kutoka kwenye donge na kuyapeleka kwenye hewa, na mche unakauka katikati ya tuta lenye unyevu. Wengi hulaumu duka la mbegu kwa hilo. Nyanya izamishe hadi kwenye majani ya mwanzo, itatoa mizizi kwenye shina. Kabichi usiifukie moyo.

Kuhusu nyanya na masika: mvua zikikolea ugonjwa wa baka jani huja nazo. Asiye na paa la nailoni Februari asie kabichi, sukuma na hoho, nyanya azisie mwisho wa Aprili ziingie bustanini mvua zikipungua. Karoti na maharage hayana kazi kwenye trei, yapandwe moja kwa moja.

Trei nene ikitunzwa hurudi misimu mingi. Ioshe kwa brashi, iloweke dakika 20 kwenye jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, isuuze, ikauke, kisha ihifadhi ndani ya stoo. Jua ndilo linaloifanya ikatike kama ganda la yai. Na mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche ya nyanya au hoho, virusi vya tumbaku hutembea na vidole.